Zahanati ya wanafunzi: jinsi inavyoanzishwa, na maswali ya kuuliza kabla hujampeleka mtoto



Kambini wapo vijana waliomaliza sekondari, na wapo waliokatisha masomo ya uuguzi au udaktari walipokimbia. Wengi wao wanauliza: je, sisi wanafunzi tunaweza kufungua zahanati yetu na kuwahudumia watu? Wazazi nao wana swali lao: je, mwanafunzi akimtibu mtoto wangu, ni salama?

Katika toleo hili tunajibu maswali yote mawili. Mfano tutakaoutumia ni mtaa wa Kinanira, upande wa kusini wa jiji la Bujumbura, jirani na Musaga na Kinindo. Baadhi yenu mlitoka huko, wengine mna ndugu huko. Hatusemi kwamba zahanati ya namna hii ipo Kinanira. Tunautumia mtaa huo ili uone hatua kwa hatua kazi inavyotakiwa kwenda, popote utakapokuwa, kambini au nyumbani.

ZAHANATI YA WANAFUNZI NI NINI?

Ni mahali ambapo wanafunzi wa udaktari, uuguzi, ukunga, maabara au famasia hupanga kazi na kuwapokea wagonjwa, chini ya macho ya mtaalamu mwenye leseni. Wanafunzi ndio wanaofungua mlango, wanaoandika daftari, wanaopima, wanaoeleza na wanaosafisha. Mtaalamu ndiye anayethibitisha ugonjwa na kuidhinisha dawa. Asipokuwepo, hakuna matibabu siku hiyo.

Mpango huu unawafaa watu wa aina mbili. Mgonjwa ambaye hana fedha, au anayeishi mbali na hospitali, anapata mtu wa kumsikiliza. Mwanafunzi anajifunza kwa mgonjwa halisi, si kwa kitabu peke yake. Lakini kuna hatari moja kubwa: mgonjwa maskini anaweza kugeuzwa kifaa cha kujifunzia. Kanuni zote utakazosoma hapa chini zina lengo la kuzuia jambo hilo.

WALIOTANGULIA

Kigutu, Burundi. Deogratias Niyizonkiza alikuwa mwanafunzi wa udaktari nchini Burundi vita vilipoanza mwaka 1993. Alikimbia, akafika New York mwaka 1994 bila kujua Kiingereza. Alifanya kazi ya kupeleka bidhaa za duka la vyakula, na kwa muda alilala katika bustani ya Central Park. Baadaye alisoma Chuo Kikuu cha Columbia, kisha akaanza tena masomo ya udaktari Dartmouth. Kabla hajawa daktari alirudi Kigutu, katika mkoa wa Bururi kwa mipaka ya wakati ule, akashirikiana na wakazi kuanzisha shirika la Village Health Works. Wakazi walitoa ardhi, na barabara ya kufika huko waliitengeneza kwa majembe yao wenyewe. Kituo kilifunguliwa mwezi Desemba 2007.

Lwala, Kenya. Milton Ochieng' na mdogo wake Fred walitoka kijiji cha Lwala, magharibi mwa Kenya. Wanakijiji waliuza kuku na ng'ombe ili Milton apate tiketi ya ndege ya kwenda kusoma Marekani. Wazazi wao wote wawili walifariki kwa UKIMWI. Zahanati ilifunguliwa Lwala mwaka 2007, Milton akiwa bado mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt.

Angalia jambo moja katika mifano hii. Wanafunzi ndio waliokuwa na wazo, waliotafuta fedha na waliokaa na wazee kupanga. Lakini waliowatibu wagonjwa kila siku ni waganga na wauguzi waliokwisha kufuzu.

San Diego, Marekani. Tangu mwaka 1997, wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha California huko San Diego wanaendesha kliniki za bure kwa watu wasio na bima. Hapa wanafunzi wanawaona wagonjwa wenyewe, lakini daktari yupo jengoni na kila mgonjwa anajadiliwa naye kabla ya kuondoka.

Eldoret na Kampala. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza kufundisha udaktari Eldoret mwaka 1990, kiliweka mafunzo ya vijijini ndani ya masomo tangu mwanzo. Makerere, Uganda, walifanya hivyo mwaka 2003. Mwanafunzi hupelekwa kukaa katika kituo cha afya kilichokwishakuwepo. Huko hajengi zahanati mpya, anaongeza nguvu katika ya zamani. Mara nyingi njia hii ndiyo rahisi na salama kuliko zote.

TUCHUKUE MFANO WA KINANIRA

Tuseme wanafunzi 10 wanaoishi Kinanira wanataka kuanza. Wafanye nini?

1. Waulize kwanza. Waende kwa wakuu wa nyumbakumi, kwa abaremeshakiyago, yaani wahudumu wa afya wa mitaani, na kwa kina mama wanaochota maji pamoja. Waulize: mtu akiugua usiku anakwenda wapi? Analipa nini? Nani haendi kabisa, na kwa nini? Jibu linaweza kuwashangaza. Huenda mtaa hauhitaji zahanati nyingine. Huenda unahitaji mtu wa kupima shinikizo la damu la wazee, au mtu wa kumsindikiza mgonjwa hospitali na kumweleza alichoambiwa kwa Kifaransa.

2. Waangalie huduma zilizopo. Mwezi Mei 2006 serikali ya Burundi ilitangaza kwamba matibabu ya watoto chini ya miaka 5 na huduma ya kujifungua ni bure katika vituo vya umma. Watu walifurika vituoni, na kazi ikawazidi wahudumu. Kwa hiyo wanafunzi wasifungue mlango wa kumtoza mama kwa huduma anayostahili kupata bure mahali pengine. Kazi yao iwe kumwonyesha njia ya kufika huko.

3. Waombe kibali. Burundi imegawanywa katika wilaya za afya, na kila wilaya ina daktari mkuu wake. Bila kibali chake, zahanati ni duka la dawa la kificho hata kama nia ni njema. Chuo nacho kikubali kwa maandishi, maana wanafunzi ni wake.

4. Wampate msimamizi kabla ya kupata chumba. Vijana wengi huanza na chumba, rangi ya ukuta na kibao cha mlangoni. Hapo wamekosea mpangilio. Kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Burundi kiko Kamenge, upande wa kaskazini wa jiji. Kinanira iko kusini. Daktari atakayesimamia lazima avuke jiji zima, na uhaba wa mafuta ya gari ulioiandama Burundi miaka ya karibuni umefanya safari hiyo kuwa ngumu. Kwa hiyo waulize: nani anaishi karibu? Je, yupo muuguzi mwenye leseni au daktari mstaafu mtaani? Na asipofika, nani anachukua nafasi yake?

5. Wapige hesabu ya wagonjwa. Tuseme msimamizi anahitaji dakika 15 kwa kila mgonjwa, na zahanati inafunguliwa saa 4 kwa wiki. Hao ni wagonjwa 16 tu. Hata wanafunzi wakiwa 30, wagonjwa hawaongezeki, kwa sababu msimamizi ni mmoja. Mgonjwa wa 17 aambiwe mapema aende wapi, asisubiri mpaka jua lizame.

6. Waanze na jambo dogo. Siku moja kwa wiki, huduma moja au mbili. Kwa mfano: kupima shinikizo la damu, kupima mkono wa mtoto kwa utepe wa lishe, na kufundisha kutengeneza maji ya chumvi na sukari. Huduma hizi zina faida kubwa na hatari ndogo. Kushona jeraha, kuzalisha na kutundika dripu visiwemo.

7. Wapange rufaa kabla ya siku ya kwanza. Iandikwe ukutani: mgonjwa mahututi anapelekwa wapi, kwa gari gani, nani analipa, nani anamsindikiza. Zahanati isiyo na njia ya rufaa inaweza kumchelewesha mgonjwa kuliko kama angekwenda hospitali moja kwa moja.

KWA NINI MSIMAMIZI NI LAZIMA: MFANO MMOJA

Mama analeta mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Ana homa siku mbili na kikohozi. Mwanafunzi anatoboa kidole, anafanya kipimo cha haraka cha malaria, baada ya dakika 15 hadi 20 anaona mistari miwili. Ni malaria. Anafurahi kwa kuwa amepata jibu. Anataka kutoa dawa mseto na kumruhusu mama aende.

Msimamizi anauliza: "Umehesabu pumzi?" Mwanafunzi hakuhesabu. Wanamvua mtoto nguo, wanahesabu kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 54. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, kiwango ni 50. Mtoto huyu anaweza kuwa na malaria na nimonia kwa pamoja. Dawa ya malaria peke yake isingemtosha, na mama angekaa nyumbani siku tatu akidhani mtoto ametibiwa.

Mwanafunzi huyu hakuwa mzembe. Alifanya kama wanavyofanya wengi wanaoanza: akipata jibu moja anaacha kutafuta. Msimamizi yupo kwa ajili ya swali la pili.

NANI AFANYE NINI

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili: kupokea wagonjwa, kuandika daftari, kupima uzito, urefu, joto na mkono wa mtoto, kutafsiri, kufundisha usafi.

Mwanafunzi wa miaka ya juu: kuuliza historia ya ugonjwa, kupima mwili, kupendekeza ugonjwa na dawa kwa msimamizi.

Msimamizi mwenye leseni: kumwona mgonjwa, kuthibitisha, kutia sahihi, kuidhinisha dawa na rufaa.

Mhudumu wa afya wa mtaani: kumfuata mgonjwa nyumbani, kuona kama dawa imemezwa yote, kuleta habari za wasioweza kutembea.

Kamati ya wakazi: kuamua saa za kufungua, kusikiliza malalamiko, kukagua fedha. Kamati hii isiwe ya pambo. Ikisema zahanati ifunguliwe Jumamosi kwa sababu siku nyingine watu wako kibaruani, basi ifunguliwe Jumamosi.

DALILI ZISIZONGOJA MWANAFUNZI

Mtoto mwenye dalili moja kati ya hizi aende kituo kikubwa mara moja, mchana au usiku:

- Hawezi kunywa wala kunyonya.
- Anatapika kila anachopewa.
- Amepata degedege.
- Amelegea sana, au hazinduki.
- Anapumua kwa shida, kifua kinabonyea chini ya mbavu.
- Ana umri wa chini ya miezi 2 na ana homa, au mwili umekuwa wa baridi.
- Utepe wa lishe unasoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Huyu anahitaji matibabu ya utapiamlo mkali.

Mama mjamzito anayetoka damu, anayeumwa kichwa sana huku macho yakiona ukungu, au aliyepata degedege, naye asingoje.

Kuhara kwa maji mengi kama maji ya mchele ni dalili ya kipindupindu. Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu mwezi Januari 2023, na Bujumbura ilikuwemo. Anza kumnywesha mgonjwa ORS ukiwa njiani. Kama huna pakiti, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kurundika. Chumvi ikizidi, inamdhuru mtoto.

MATATIZO YANAYOUA ZAHANATI ZA WANAFUNZI

Mitihani na likizo. Ugonjwa haufuati kalenda ya chuo. Mzee wa shinikizo la damu anayepata dawa kwa wanafunzi, wakienda likizo miezi miwili, dawa inakatika na anaweza kupata kiharusi. Kwa hiyo wagonjwa wa dawa za kila siku, yaani wa shinikizo, kisukari, kifafa, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI, waandikishwe katika kituo cha kudumu. Wanafunzi wawasaidie kuhudhuria huko, wasiwachukue kuwa wao.

Kuhitimu. Waanzilishi wakimaliza masomo wanaondoka, na funguo, daftari na namba za simu zinaondoka nao. Dawa yake ni kuwaweka wawili wawili katika kila kazi, mmoja wa mwaka wa juu na mmoja wa mwaka wa chini, ili wa chini arithi.

Dawa. Msaada wa dawa zilizobaki majumbani kwa watu usipokelewe. Nyingi zimekaribia kwisha muda, hazina karatasi, au zimekaa juani. Ni bora aina 10 za dawa zinazojulikana na zinazoingia kila mwezi kuliko sanduku la aina 100.

Fedha. Zahanati ikiwa ya bure, nani analipa glavu, vipimo, sabuni na umeme? Jibu liwe na miezi 12 mbele, si miezi 2. Watu wakishazoea mlango na mlango ukafungwa, wanabaki wameumia kuliko kabla haujafunguliwa, na hawatamwamini kijana mwingine atakayekuja.

Siri. Mwanafunzi anaishi mtaa mmoja na mgonjwa. Anasali naye, anapanga foleni naye. Akitoa nje neno moja la alichosikia chumbani, hasa habari za virusi vya UKIMWI, mimba au ubakaji, watu hawatarudi. Daftari lifungiwe kabatini. Anayevunja siri aondolewe, hata akiwa mwanzilishi.

MASWALI 6 UNAYO HAKI YA KUULIZA

Ukienda mahali ambapo wanafunzi wanahudumia, iwe Kinanira, Kigoma au kambini, uliza bila kuona aibu:

1. Jina lako nani, na unasoma mwaka wa ngapi?
2. Msimamizi wako ni nani, na yupo hapa sasa?
3. Unadhani ninaumwa nini, na msimamizi amekubali?
4. Dawa hii ni ya nini, ninywe vipi na siku ngapi?
5. Hali ikibadilika usiku, niende wapi?
6. Nikikataa kutibiwa na mwanafunzi, nitahudumiwa na nani?

Swali la 6 ni muhimu. Unaruhusiwa kukataa, na ukikataa usifukuzwe wala usirudishwe mwisho wa foleni. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri hatachukia maswali haya. Akichukia, au msimamizi akiwa hayupo, mchukue mtoto wako umpeleke kituo kingine.

NA HAPA KAMBINI JE?

Kijana, usifungue chumba cha kutibu watu kwenye bloku yako, wala usichome sindano nyumbani, hata kama ulisoma miaka miwili ya uuguzi kabla ya kukimbia. Sindano isiyo safi inaeneza homa ya ini na virusi vya UKIMWI, na wewe mwenyewe unaweza kushtakiwa. Lakini ziko njia za kutumia ulichojifunza:

- Nenda kituo cha afya cha zoni yako ujiandikishe kwa muuguzi mkuu. Chukua karatasi zako za masomo ikiwa unazo. Kama zilipotea, eleza ulisoma wapi, mwaka gani, na nani anakufahamu.
- Omba kazi ya mhamasishaji wa afya. Kupima mikono ya watoto, kuhesabu pumzi, kufundisha kunawa mikono na kumsindikiza mjamzito ni kazi inayookoa maisha, na haihitaji digrii.
- Anzisheni kikundi cha wanafunzi chini ya kituo kilichopo. Anzeni na siku moja kwa wiki na huduma moja, kwa kufuata hatua zilizoelezwa hapo juu.
- Kama unataka kuendelea na chuo, uliza ofisi ya elimu kuhusu nafasi za ufadhili kwa wakimbizi. Mpango wa UNHCR uitwao DAFI umekuwa ukiwasomesha wakimbizi vyuo vikuu tangu mwaka 1992. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, kwa hiyo tunza matokeo yako ya shule na uulize mapema.

Mzazi, nawe una kazi. Kamati ya afya ya kambi hukaa na watu wachache kwa sababu wengi wanaona ni mikutano ya maneno tu. Huko ndiko kunakoamuliwa saa za kufungua kituo, na nani akalimani kwa wasiojua lugha ya mganga. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, ambalo nchi nyingi zililikubali, lilisema watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga huduma zao za afya. Haki hiyo huipotezi kwa kuvuka mpaka.

KUMBUKA

- Hakuna msimamizi, hakuna matibabu.
- Anza na jambo dogo unaloweza kulifanya kila wiki.
- Rufaa ipangwe kabla mgonjwa hajafika.
- Mgonjwa ana haki ya kuuliza na ya kukataa.
- Mtoto mwenye dalili ya hatari haanzii kwa mwanafunzi. Anaanzia kituo kikubwa.

Ukiwa na swali kuhusu makala hii, mwone mhamasishaji wa afya wa bloku yako au fika kituo cha afya cha zoni yako. Kama umelielewa, msomee jirani asiyejua kusoma, hasa yale maswali 6 na orodha ya dalili za hatari.